Kikapu cha Juu ya Mlango

Ati mchoyo? Hiyo neno irudishe. Mimi unaweza kuniita mchoyo, nitabeba, kwa sababu umeniomba kipande cha hii jeraniamu nimekukatalia mbele ya watu, na ni ukweli hii siuzi na sipeani. Lakini kusema ati uchoyo nilifunzwa na yule mzee wa Buruburu, hapo tutakosana mbaya. Wewe ulimwona ukipita nje ya geti. Mimi nilikuwa ndani ya geti miaka mitano. Weka hiyo petunia chini, vuta debe ukalie, nikuambie ni nani unaongelea.

Mtaa mzima ulimwita Stesheni Masta, kwa sababu hiyo ndiyo kazi alifanya mpaka akastaafu, stesheni moja baada ya ingine huko magharibi, zingine ndogo mpaka treni ilikuwa haisimami, inapunguza mwendo tu. Nyumba yake ilikuwa ya kona, na mbele kulikuwa na kiuwanja cha kutosha gari moja. Gari hakuwa nayo. Alikuwa na vikapu. Vikapu vya waya kumi na kitu, vimening'inia kwa dirisha, kwa nguzo za geti, kwa matawi ya mpera, kila kimoja kimemwaga maua chini kama mtu amefungua nywele.

Na kimoja juu ya mlango. Hicho ndicho kimetuleta hapa mimi na wewe.

Tulijuana hivi. Nilikuwa nimeanza hii nasari yangu ya maua hapa kando ya barabara, sijafunzwa na mtu, najifunza kwa simu na kwa kuua miche. Siku moja mzee amevaa koti ya kijivu jua likiwaka akasimama hapa, akaangalia kikapu changu cha petunia nilichokuwa nimetundika hapo kwa mti, halafu akachuchumaa. Mzee wa miaka sabini na kitu, amechuchumaa kando ya barabara, shingo juu.

Akaniuliza, "Hizi umeziangalia wewe?"

Nikamwambia, "Nimezipanda mimi mwenyewe, Mzee. Kwani?"

"Sijauliza nani amezipanda. Nimeuliza kama umeziangalia."

Nikaanza kuongea, unajua mimi. Nikamwambia mbolea niliyoweka, mchanga nilitoa wapi, mara ngapi namwagilia. Akaninyamazia mpaka nikaisha. Akasema, "Wewe ni honi ya treni, kelele tu. Chuchumaa hapa."

Nikachuchumaa. Nikaona venye alikuwa anaona. Juu kikapu kilikuwa kimejaa rangi, lakini ukiwa chini ulikuwa unaona gunia tupu na mashina makavu, kama kuangalia chini ya kitanda cha mtu. Akaniambia kikapu cha kutundika hakiangaliwi na ndege. Kinaangaliwa na mtu amesimama chini yake. Ukichagua ua la kikapu, angalia tumbo lake, wacha kuangalia uso. Kutoka hiyo siku jina langu kwake likawa Honi.

Hiyo sheria ya kuchuchumaa hakumsamehea mtu. Nimeona mke wa pasta, amevaa suti ya harusi ya mtu, amechuchumaa kwa huo uwanja na mkoba kwa magoti, mzee amesimama nyuma na mikono mgongoni anamuuliza, "Sasa mama, unaona nini?" Na ya maua ya kupanda chini, zile fupi zinatandaa chini ya mawaridi, ilikuwa kinyume. Hizo alikuwa anakupandisha kwa stuli. Anasema hizo zinaangaliwa na mtu anapita, kwa hivyo zinafaa kufunika mchanga wote, usione hata mahali pa kuweka kidole. Alisamu nyeupe ndiyo alipenda chini ya waridi, kwa sababu ni fupi na haina maringo. Waridi bila kitu chini alisema ni mtu ametoka na koti bila suruali.

Na majani ya viazi vitamu? Usimletee. Wewe unaona zinatambaa vizuri, za bei ya chini, yeye anaona mgeni amekuja kulala siku moja na amebeba kitanda. Zinakula waridi yote. Lobelia alisema ni ya mtu mwenye kivuli, inalia jua. Petunia usipeleke juu kwa gorofa, upepo unaipasua kama gazeti. Kwa balkoni ya jua na upepo anakupatia pochulaka, ile ya majani manono inafunguka jua likipanda, ama jeraniamu ya kutambaa. Hapo kwa jeraniamu alikuwa anapunguza sauti.

Sahau vitabu, maji ya Buruburu yalimfunza kuliko reli. Unajua maji yetu, yanakuja siku mbili kwa wiki na hayakuambii saa. Stesheni Masta alikuwa anatundika kikapu juu ya kikapu, na chini kabisa waridi na alisamu yake. Anamwaga maji ya kuosha mchele kwa kikapu cha juu, yanatona kwa cha katikati, yanatona kwa alisamu. Kopo moja linafanya kazi tatu. Halafu anasimama amefunga macho anasikiza matone. Anakuambia, "Cha pili hakijashiba," bila kuangalia. Nilikuwa nainua kikapu na kiganja nisikie uzito, nipate ako sawa. Kila mara. Inakasirisha.

Usifikirie alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa saa, ukimwambia saa nne na ukuje saa nne na dakika kumi unapata geti imefungwa, na yeye ako ndani anakuona. Lakini mwenyewe kanisa lilikuwa linaanza bila yeye kila Jumapili, akiwa anakata maua yaliyokauka na viatu vya ibada. Alisema kuongea na maua ni wazimu. Nilimsikia na masikio yangu akiambia ile ya juu ya mlango habari ya meno yake. Tena kwa upole. Mimi hakuwahi kuniambia habari ya meno yake.

Ndio, nilionea ua wivu. Cheka.

Lakini ungeiona hiyo ua. Jeraniamu ya kutambaa, majani yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, inashuka kutoka kwa kikapu mpaka karibu na kitasa. Maua meupe, na ndani ya kila petali kuna michirizi myekundu sana, kama mtu amejikata akishona. Nimetafuta kwa nasari zote mpaka Muthurwa kwa wale wa miche, nimeonyesha watu picha, hakuna. Kila mtu anasema, "Hiyo ni ya zamani." Mimi nilitaka kipande kimoja, kidole kimoja, nipande kwangu. Nilitaka watu wakipita hapa waseme huyu msichana alifunzwa na mtu. Hicho tu.

Na sikuomba. Kwa nini niombe? Nilikuwa namchotea maji. Nilikuwa nashona magunia ya ndani ya vikapu mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nikasema mtu ako na macho, ataona, siku moja atanikatia mwenyewe.

Badala yake, kila nikifika penye mlango, mzee anakumbuka kitu ndani. "Honi, naingia kutafuta miwani. Nitakawia." Na anakawia kweli. Mimi nimesimama hapo chini ya hicho kikapu, kwa dirisha kuna kopo la kijani na wembe mpya ndani, kila Jumamosi wembe mpya, na mimi sigusi kitu. Nasimama kama askari. Akirudi anaangalia kikapu, ananiangalia, anasema, "Haya." Basi. Mara ingine akasema "Haya" na akapumua kama mtu amechelewa treni.

Sasa ukiniuliza kwa nini singegusa, nitakuambia habari ya ndimu. Jirani wake mmoja, mtu mzima na kazi yake ya ofisi, alipitisha mkono kwa ukuta akachuma ndimu moja. Moja. Stesheni Masta alimfuata mpaka kwake, akamrudisha, akamfanya abishe geti, aingie, aombe ndimu, ndio akampatia hiyo hiyo ndimu. Na zingine tano. Ungekuwa wewe, ungetoa wembe kwa nyumba kama hiyo?

Mathee wangu na wamama wa kanisa lake wanaaminianga ati kipande cha ua ukikabidhiwa kwa mkono kinaoza, lakini ukiiba kinashika. Mathee aliniambia tangu nikiwa mdogo. Nikamwambia wacha hadithi, mathee. Kipande kinashika ukikata chini ya kifundo na ukikiacha kikauke kidogo kabla ya mchanga. Kifundo hakijui kama wewe ni mwizi.

Kwa hivyo mimi nilifanya nini? Nililinda. Watu wa njia walikuwa wanapita wakiangalia hiyo ua vibaya, na yeye anaacha geti wazi. Nikatoa matawi ya bogenvila yenye miiba, nikayafunga kwa waya kuzunguka kikapu. Kesho yake nikapata miiba imetolewa, imewekwa vizuri kando. Nikafikiria imemchoma akimwagilia. Nikapandisha mnyororo, kikapu kikakaa juu kabisa, hata mrefu hafiki. Wiki iliyofuata kimeshushwa. Nikapandisha tena. Kikashushwa tena, chini zaidi. Nikamwambia, "Mzee, hapa hata mimi na ufupi wangu ninafikia." Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Unafikia?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Sawa." Nikapandisha mara ya tatu.

Halafu Shiru akakuja.

Shiru ni dame wa mtaa wa Fedha, anaishi gorofa ya nne, balkoni. Alikuwa mteja wangu, mimi ndiye nilimpeleka kwa mzee, hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo. Alikuwa ameua petunia mara tatu huko juu. Nilimwambia mimi upepo unazipasua, hakusikia. Mzee akamwambia maneno yale yale, Shiru akasema, "Wow, Guka, sikuwa najua," kama ni babu yake. Nikaingia jikoni nisije nikasema kitu.

Hapo jikoni nikaona mzee ameinjika chai mwenyewe. Miaka mitano chai napika mimi. Akatoa kikombe cha udongo chenye maua ya buluu, cha marehemu mkewe, kile kinakaa kwa kabati ya vioo, akampatia Shiru. Mimi nikanywa na kile cha plastiki nilizoea. Nilikunywa polepole nikihesabu mara ngapi ameitwa Guka. Mara tisa.

Alikuja Jumamosi tatu. Ya tatu sikuwa, nilikuwa nimeenda Muthurwa kutafuta vikapu vya waya. Haikuisha miezi mingi, nafungua simu, naona picha kwa status ya Shiru. Balkoni ya Fedha, na kwa kona kikapu, na kwa kikapu majani yanang'aa. Ua moja limefunguka. Jeupe. Michirizi myekundu. Chini ameandika ati baraka.

Sikufunga nasari. Niliacha miche hapa nje kama ya mtu amekufa, nikaenda kwa miguu mpaka kwa Stesheni Masta na simu imeshikwa mbele kama tochi.

"Mzee, umeibiwa."

Akavaa miwani. Akaangalia picha. Unajua aliniuliza nini?

"Imeshika?"

"Mzee, nimesema umeibiwa. Huyu dame ameiba ua yako."

"Naona imeshika vizuri. Hata imetoa ua."

"Ulimpatia?"

"Mimi sijampa mtu kitu."

"Basi ni mwizi. Twende Fedha sahizi, nitaing'oa na mikono yangu."

Akarudisha simu. Akasema, "Utang'oa kitu kimeshika? Wewe Honi, kweli?" Na akatabasamu. Hiyo tabasamu ndiyo ilinimaliza. Nilikuwa nimekaa miaka mitano nikingoja hiyo tabasamu juu ya kitu changu.

Nilisema maneno. Nilimwambia amenitumia kama mtungi. Nilimwambia mtu wa Jumamosi tatu amepewa kikombe cha kabati na ua ya mlango, na mimi nimepewa kazi. Nilimwambia akae na maua yake mpaka yamzike. Mzee wa watu alikuwa amesimama chini ya kikapu na kopo la maji mkononi. Nilipotoka nilisikia maji yakianza kutona kwa kikapu cha pili. Alikuwa ameendelea kumwagilia.

Sikurudi. Mvua ndefu ikakuja ikaisha. Watu wakisema vibaya juu yake hapa nawafukuza, wateja wawili nimepoteza hivyo, lakini kwake siendi. Usiniulize inawezekana aje. Inawezekana.

Halafu mke wa pasta akanunua alisamu hapa akaniambia binti ya Stesheni Masta amekuja kumchukua, anaenda kukaa naye Kakamega, miguu imekataa. Wanaondoka Alhamisi. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Kesho yake nikaenda saa nne kamili. Geti ilikuwa wazi. Uwanja ulikuwa mtupu, vikapu vyote vimegawiwa majirani, imebaki ndoano tu kwa mpera. Kilikuwa kimebaki kimoja, juu ya mlango, kimeshushwa mpaka majani yanagusa kiti cha mzee. Na mzee kwa kiti, amevaa koti, miwani kwa uso, kama mtu ako platfomu.

"Umefika na saa yako leo," akasema.

"Nimekuja kuomba msamaha, Mzee."

"Msamaha ni sawa, huo unaombwa. Kaa."

Nikakaa kwa ngazi. Binti yake akaleta chai, yangu kwa kile cha plastiki. Mimi na mdomo wangu nikashindwa kunyamaza, nikamwambia hata leo, Mzee, hata siku ya mwisho, cha plastiki.

Akashangaa kweli. "Hicho cha buluu ni cha wageni. Wewe ulikuwa mgeni hapa lini?"

Akaendelea, anaongea akiangalia barabara. Akaniambia akiwa kijana, stesheni ya kwanza, mkubwa wake alikuwa na hii jeraniamu kwa platfomu. Aliiomba, akapewa, ikaoza. Akaomba tena, akapewa, ikaoza. Mara ya tatu mkubwa wake akamwambia anaingia kutafuta kofia, atakawia, na kofia alikuwa ameivaa. Kijana akakata. Ikashika, na ameibeba stesheni zote mpaka Buruburu.

"Ndimu ni chakula," akasema. "Chakula kinaombwa. Ua ya kupenda, ukimpa mtu kwa mkono, unamkabidhi kitu cha kufa."

"Mzee, hiyo ni mambo ya wamama. Kilichooza ni kwa sababu hukukikausha."

"Inawezekana. Lakini yangu ingekufa kwa mkono wako, ungeniangalia na uso gani?" Akanigeukia. "Miaka mitano nimetafuta miwani, Honi. Nimenunua nyembe mpaka muuza duka akaniuliza kama nafuga kinyozi. Nimeshusha mnyororo, ukapandisha. Nimeshusha, ukapandisha. Ukaniwekea miiba. Nikasema huyu mtoto ni mfupi kiasi gani? Ama hataki ua?"

"Nilikuwa nakulindia," nikamwambia.

"Najua. Hakuna ua imewahi kulindwa hivyo." Akashika mikono ya kiti, akasimama, ilimchukua muda, akakataa nimshike. Miwani iko kwa uso wake, jua linawaka kwa vioo. "Sasa mimi naingia ndani kutafuta miwani. Na kwa hii miguu, nitakawia sana."

Akaingia. Akarudisha mlango nyuma yake.

Nilikata vipande vitatu. Kwa haraka ya mwizi, mimi na sayansi yangu ya kifundo, viwili nikakata mahali pabaya, vikaoza. Kimoja kikashika. Ni hiki. Yeye alizikwa huko kwao kabla mvua fupi haijaanza, nilienda, nikasimama nyuma. Na usifikirie nimekuwa mtu mzuri. Ya Shiru imeshuka mpaka gorofa ya tatu, nimeenda Fedha kuiangalia kutoka chini, nimechuchumaa hapo kwa parking kama mwenda wazimu. Tumbo lake ni safi kuliko la yangu. Inaniuma hata sahizi nikikuambia.

Na wewe inaniuma vile vile, hapo umekaa kwa debe langu, Jumamosi ya nne hii unakuja kuniulizia kitu kimoja. Nikikuangalia nasikia kukufukuza. Sitakupa. Hiyo nimesema na sirudii.

Lakini mimi naenda kuchota maji pale kwa bomba ya kanisa, na kuna foleni, nitakawia. Wembe uko ndani ya hilo kopo la kijani. Unafikia hapo juu, ama nikushushie mnyororo?